Dereva na konda tunakula sahani moja, kwa nini sukari imenikamata mimi peke yangu?

SukaWaSegerea (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, akirudi atanikuta hapa hapa.

Mimi ni dereva wa daladala, Kosta, njia ya Segerea. Nina miaka 46. Konda wangu ana 44 na huu ni mwaka wa 11 tuko gari moja, abiria wanadhani ni mdogo wangu wa damu. Saa kumi alfajiri tunawasha gari wote, saa nne usiku tunalilaza wote. Na kula tunakula wote. Chai kwa mama yule yule pale kituoni: chapati mbili, supu, chai ya rangi vijiko vitatu. Mchana ugali au wali na maharage, nyama siku hesabu ikikaa vizuri. Katikati hapo soda, maana foleni ya Buguruni inakausha koo. Maji nilikuwa nayaogopa. Ninywe maji halafu nikojoe wapi na gari limejaa?

Mwaka 2018 nikaanza kukojoa kila saa hata bila hayo maji. Kiu haikatiki, macho ukungu. Nikaenda kituo cha afya, wakanitoboa kidole: 17.4. Nesi akarudia akidhani mashine imekosea, ikaja 17.6. Kisukari aina ya pili, na presha 160/100 juu yake. Konda alikuwa amenisindikiza, akatobolewa na yeye: 5.1. Walipotaka kumfunga mpira wa presha akagoma, akasema gari linalala tunapoteza tripu.

Tangu hapo nameza metformini, dawa ya sukari, sasa hivi miligramu 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, na kidonge cha presha. Sukari inacheza 10, 12, siku mbaya 14.

Mwaka jana nyayo zikaanza kuwaka moto usiku. Vidole vina ganzi, kuna siku ndala imenitoka nikatembea hatua tatu sijui. Abiria wangu mmoja wa kila siku, mtu wa heshima tu, anauza virutubisho. Akaniuzia makopo mawili, moja vitamini mchanganyiko, lingine spirulina, yaani mwani uliokaushwa, laki moja na themanini. Akaniambia hayo makemikali ya hospitali ndiyo yanaua miguu, niache. Nikaacha metformini wiki tatu. Nikapima, 19.6. Nikarudi kwenye dawa mbio, na makopo nikaendelea nayo maana hela imeshatoka.

Nawaulizeni. Konda ana nini ambacho mimi sina? Hizi vitamini zinasaidia au nimeliwa? Na hii miguu?

MzeeWaKigogo

Konda anatukanwa na abiria kutwa nzima, kisukari kitapata wapi nafasi ya kukaa? Hahaha. Pole suka. Naweka mkeka hapa nisubiri wataalamu.

KondaWaZamani

Suka mimi nilikuwa konda miaka 9 halafu nikapata leseni nikashika usukani. Miaka miwili tu kitambi hiki hapa. Sikubadilisha chakula, nilibadilisha mlango. Konda hakai. Kila kituo anashuka, anaita, anasukuma watu ndani, gari linaondoka analikimbilia. Hesabu vituo vya Segerea kwenda mjini, zidisha kwa tripu, utajua mwenzako anafanya jogingi ya kulipwa. Wewe kinachotembea ni mguu wa klachi.

dada_lishe

Kaka suka, pole sana. Swali lako la kwanza lina umri kuliko wewe, na lilijibiwa kwa watu wa kazi yako.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza vifo vya moyo vilikuwa vinaongezeka na hakuna aliyejua sababu. Daktari mmoja, Jerry Morris, akawaza kwamba huenda jibu liko kwenye kazi za watu. Akaenda kwenye mabasi ya ghorofa ya London. Mle ndani kulikuwa na wawili kama ninyi. Dereva amekaa zamu nzima. Konda anapanda ngazi kukata tiketi juu, anashuka chini, anapanda tena, ngazi 500 hadi 750 kwa siku. Watu wa hali moja ya maisha, mwajiri mmoja. Matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1953: madereva waliugua ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi ya makonda, na konda hata akiugua, mara nyingi haukumuua haraka kama dereva. Kwa watu wa posta ikawa hivyo hivyo: watembeza barua walikuwa na nafuu kuliko makarani na wapokea simu. Morris mwenyewe aliishi hadi 2009, amebakiza kidogo atimize miaka 100.

Ule ulikuwa moyo. Sukari nayo ina njia yake. Ukila ugali, sukari ikiingia kwenye damu, sehemu kubwa inatakiwa ihifadhiwe kwenye misuli, hasa mapaja na makalio. Anayefungua mlango wa msuli ni homoni iitwayo insulini. Kwako wewe mlango umeshika kutu, insulini inagonga haufunguki. Lakini msuli una mlango wa pili wa uani: ukijikunja na kujikunjua wenyewe unavuta sukari hata bila insulini. Konda akishamaliza chapati zake anaruka mlangoni, misuli inakula zile chapati. Wewe ukimaliza chapati unakaa juu ya misuli hiyo hiyo saa mbili kwenye foleni.

Marekani walipima jambo hili kwa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafika kisukari. Matokeo yalitoka 2002. Kundi lililopunguza uzito kama asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki, waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58. Kundi la metformini, asilimia 31. Wewe umeshavuka hapo, kwa hiyo usije ukasoma hii ukatupa dawa tena! Dawa unameza na miguu unaitumia.

MbishiWaIlala

Dada, hapo hujathibitisha kitu. Huenda mtu mzito mvivu ndiye anaomba udereva na mwembamba mchangamfu ndiye anaomba ukonda. Kazi haikumnenepesha, unene ndio uliompa kazi.

dada_lishe

Mbishi, leo umeuliza la maana, nakupa maua yako. Morris naye hakulala kwa swali hilo. Akaenda kuomba rekodi za sare za wafanyakazi, zile ambazo fundi anaandika kiuno cha suruali. Kweli, madereva walikuwa na viuno vikubwa kuliko makonda katika kila umri, hata vijana. Kwa hiyo nusu ya hoja yako inasimama. Lakini alipomweka dereva mwembamba na konda mwembamba, dereva wa tumbo na konda wa tumbo, bado konda alikuwa na nafuu.

SukaWaSegerea

Kiuno cha suruali! Mkanda wangu nimeuongezea matundu mawili kwa msumari wa moto. Konda anavaa suruali aliyokuja nayo siku ya kwanza kazini.

AfyaTeleVirutubisho

Habari ndugu. Miguu kuwaka moto ni SUMU mwilini. Metformini ni kemikali. Tuna vidonge vya antioksidanti vyenye nguvu ya karoti 40, vinasafisha damu, vinazuia kansa, presha, kisukari, vinaongeza nguvu za kiume. Njoo inbox upewe ofa.

dada_lishe

Wewe wa karoti 40, kaa hapa hapa mbele za watu, usimpeleke mtu inbox.

Miaka ya 80 na wewe ungeaminika, kwa sababu watafiti wenyewe waliamini hivyo. Waliona wala mboga na matunda wanapata kansa kidogo, wakasema basi tutoe beta karotini ya kwenye karoti tuifanye kidonge. Finland wakawapa wavuta sigara. Wanaume 29,133. Majibu yalipotoka 1994, waliomeza beta karotini walipata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 ZAIDI ya wasiomeza. Marekani kulikuwa na jaribio linalofanana na hilo, likasimamishwa 1996 kabla ya muda wake kwa sababu hiyo hiyo. Karoti kwenye kachumbari haijamdhuru mtu. Kidonge cha karoti 40 kwa mvuta sigara ni habari nyingine.

Sipingi vitamini. Mama mjamzito tunampa asidi ya foliki, na tangu 1991 jaribio kubwa limeonyesha inazuia sehemu kubwa ya ulemavu wa mgongo na ubongo wa mtoto. Mwenye upungufu apewe kile alichopungukiwa. Ila kujaza tenki lililojaa, mafuta yanamwagika chini, na mengine yanawaka.

Suka, unavuta?

SukaWaSegerea

Nne tano kwa siku, za kuchangamsha foleni. Kopo moja nimesoma limeandikwa beta karotini humo. Nimeliweka pembeni.

ChumaHakidanganyi

Bro maneno mengi ya nini. Njoo gym, piga chuma, kimbia kilomita 5 asubuhi, halafu kula unachotaka. Mazoezi yanachoma kila kitu.

MwalimuKaratu

Hapana kijana. Mimi nafundisha huku jirani na Ziwa Eyasi, Wahadzabe ni majirani zetu. Hakuna watu wanaotembea kama wale. Mwanamume anafuata mnyama na upinde tangu asubuhi, mama anachimba mizizi kwenye ardhi kavu na mtoto mgongoni. Walikuja watafiti na Mmarekani anaitwa Herman Pontzer, wakapima nguvu wanayotumia mwilini kwa siku nzima. Ilipotolewa 2012 watu walishangaa. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe hachomi nguvu zaidi ya Mmarekani anayekaa ofisini. Mwili ukitembezwa sana unabana matumizi kwingine, kama mama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.

Lakini hao hao wakipimwa presha, iko chini, mpaka uzeeni. Mafuta ya damu mazuri. Kwa hiyo kutembea kunakulinda moyo na sukari hata kama mizani haijasogea. Kitambi chenyewe, ushindi mkubwa uko kwenye sahani. Ukimwambia suka ale anachotaka kwa sababu amekimbia kilomita 5, unamrudisha kule kule.

Bahari_Msa

Huku Mombasa ni vivyo hivyo wallahi. Makanga mwembamba kama uzi, dereva tumbo limeegemea usukani. Nilidhani ni kwa sababu dereva ndiye anayeshika pesa.

MamaNtilieTandika

Mnaanza kutusingizia sisi mama ntilie sasa hivi, nawaona mnakoelekea. Mimi nauza chakula mwaka wa 16. Konda akija anakula amesimama, nusu anaacha kwa sababu suka anapiga honi. Suka ndiye anayesema "mama ongeza ugali". Mchicha na matembele nawawekea, wanavisogeza pembeni kama vile nimewawekea nyasi. Ukiniambia ugali mdogo mboga nyingi nakuwekea, bei ile ile, tena mimi napata faida.

dada_lishe

Mama umemaliza kazi yangu. Suka, kesho mwambie mama yako wa kituoni maneno hayo hayo: nusu sahani mboga za majani, robo ugali kama ngumi yako, robo iliyobaki maharage, samaki au nyama. Maharage usiyaogope, ni rafiki. Ukipata dona ni nzuri kuliko sembe kwa nyuzinyuzi zake, ila dona nayo ni ugali, usiile kama dawa. Na hiyo soda nyeusi ya nusu lita ina sukari gramu 50 hivi, ni vijiko 12 vya chai. Huwezi kuweka vijiko 12 kwenye kikombe mbele ya watu, lakini kwenye chupa unavinywa.

NesiMstaafu

Nimesoma uzi wote na swali la tatu hakuna aliyeligusa. Mwanangu suka, nijibu. Metformini gramu mbili kwa siku tangu 2018 mfululizo? Ulimi unauma au umekuwa laini, hauna vinundu? Unachoka? Kuna mtu yeyote amewahi kukupima vitamini B12?

SukaWaSegerea

Mama shikamoo. Mfululizo ndiyo, ukiondoa zile wiki tatu, ila dozi ilianza ndogo ikapanda. Ulimi ukigusa pilipili ni kama kidonda. Kuchoka nilidhani ni kazi. B12 sijawahi kuisikia zaidi ya kwenye kopo la spirulina, wameandika imo nyingi.

NesiMstaafu

Marahaba. Sasa kaa unisikilize.

Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hiyo tunaijua wote, na kliniki nyingi mgonjwa wa sukari akisema nyayo zinawaka, tunaandika hivyo tunaendelea na foleni. Na mimi nimefanya hivyo, Mungu anisamehe. Lakini kuna njia nyingine inayofika mahali pale pale. Metformini, dawa nzuri, bei nafuu, ina tabia moja: ikinywewa miaka mingi na dozi kubwa inapunguza kufyonzwa kwa B12 mwisho wa utumbo mwembamba. Ini lina akiba ya B12 ya miaka, ndiyo maana hutaona kitu mwaka wa kwanza wala wa pili. Akiba ikiisha, damu inapungua, ulimi unakuwa kidonda, nyayo zinawaka na ganzi inaingia. Mgonjwa huyo na wa mishipa ya sukari ukiwaweka kitanda kimoja huwezi kuwatofautisha kwa macho. Anayetofautisha ni kipimo cha damu.

Na tofauti ni kubwa, kwa sababu ya B12 inatibika. Ukichelewa sana ganzi inabaki.

Hilo kopo la spirulina, kilichomo humo zaidi ni kitu kinachofanana na B12 lakini mwili wa binadamu haukitumii. B12 ya kweli iko kwenye nyama, maini, samaki, mayai, maziwa. Wewe nyama unakula siku hesabu ikikaa vizuri tu, umesema mwenyewe. Kopo la pili likiwa na asidi ya foliki nyingi linaweza kuficha upungufu wa damu, ukaonekana uko sawa kwenye picha ya damu huku mishipa inaendelea kuumia. Kwa hiyo nenda na makopo yote mawili ukamwonyeshe daktari, mwambie kila ulichomeza.

USIACHE METFORMINI. Usichome sindano ya B12 duka la dawa kabla ya kupima, utaharibu kipimo. Na kila usiku kagua nyayo, kama huoni chini tumia kioo. Ndala ikikutoka usijue, hata msumari utaingia usijue. Usiloweke miguu kwenye maji ya moto, nimeona watu wameungua kwa hilo.

MbishiWaIlala

Kwa hiyo muuza makopo alisema metformini inaua miguu na nesi anasema metformini inaharibu miguu. Si ni kitu kile kile?

NesiMstaafu

Hapana mwanangu. Yeye alimwambia aache dawa anywe kopo, sukari ikaenda 19. Mimi namwambia aendelee na dawa, apime, aongezewe kilichopungua. Nusu ya ukweli ndiyo inayouza makopo.

SukaWaSegerea

Wakuu nimerudi, ni miezi mitatu na siku kadhaa. Samahani kwa ukimya, wengine mlinitafuta inbox, ahsanteni.

B12 ilikuwa 118, na karatasi yenyewe imeandika chini kabisa iwe 200. Daktari aliniuliza nani aliniambia nipime, nikamwambia nesi wa mtandaoni, akacheka akaandika. Nimechomwa sindano, kwanza za karibu karibu, sasa kwa mwezi. Ulimi umepona ndani ya wiki chache. Kuwaka usiku kumepungua, siku nyingine hakupo kabisa. Ganzi ya mguu wa kulia bado ipo vidole viwili, daktari amesema hivyo huenda vikabaki kwa sababu sukari nayo ilishagusa. Ndala sasa nimeacha, naendesha na kiatu.

Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimetoka asilimia 9.8 hadi 8.1. Bado si kizuri. Kilo zimeshuka nne. Niliyofanya ni haya: soda nimekata, chai kijiko kimoja, ugali ngumi yangu, na mama wa kituoni ananiita mgonjwa mbele za watu ila ananiwekea matembele mlima. Tukifika mwisho wa njia, konda anaita abiria, mimi zamani nilikuwa nalala kwenye usukani. Sasa nashuka nazunguka stendi dakika 15 mpaka gari lijae. Mwanzo wenzangu walidhani nimegombana na konda. Maji nakunywa, kuna sheli mbili njiani wamenizoea chooni. Sigara nimeshindwa, nipo mbili kwa siku, nisiwadanganye.

Halafu kuna hili la konda. Juzi kliniki nilimvuta kwa nguvu akafungwa mpira wa presha kwa mara ya kwanza maishani. 158/96. Wakampumzisha nusu saa wakarudia, 154/95. Mwembamba vile vile, sukari 5.0. Nesi wa pale akamwuliza chumvi, mimi nikajibu kwa niaba yake maana nakaa naye mezani kila siku: kachumbari anaongeza, chipsi anaongeza, supu anaongeza kabla ya kuonja. Na baba yake alikufa kwa kiharusi, hilo sikuwahi kulijua miaka 11 yote.

Wamemwambia arudi mara mbili zaidi wapime siku tofauti ndipo waamue dawa. Anasema harudi, hajisikii vibaya.

NesiMstaafu

Presha haisikiki mwanangu. Mwambie nimesema mimi. Chumvi kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo ni pamoja na ile iliyopikiwa jikoni. Kichupa cha chumvi kiondoke mezani. Na arudi kupimwa, wembamba usimdanganye.

KondaWaZamani

Atarudi vipi na suka anapiga honi?

SukaWaSegerea

Jumatatu tripu ya kwanza nampitisha mwenyewe, gari naliegesha nje ya geti la kituo cha afya na abiria wakiwa ndani.

MzeeWaKigogo

Abiria watawapiga wote wawili. Na hesabu ya bosi?

SukaWaSegerea

Bosi nimeshamwambia. Ameuliza kama na yeye anaweza kupanda hiyo tripu.